Povu Kwenye Kichupa

Kaunta ya mizigo ilijaa watu na maboksi, kila mmoja akijifanya ana haraka kuliko mwenzake. Mtaalamu wa maabara alisimama na gauni lake jeusi, lilelile tangu mama yake azikwe, akiangalia boksi lake likikaguliwa. Kijana wa mizigo, ambaye wenzake walimwita Parseli, shati lake la bluu limepigwa pasi mpaka mikunjo inatisha, aliinua kichupa kimoja kwenye taa.

"Pole dada. Wamekuuzia hewa."

"Kuna protini humo. Imekaushwa, imeshika kwenye kuta za kichupa. Huwezi kuiona."

Parseli aliomba namba yake, eti amjulishe mzigo mwingine ukifika. Mzigo haukufika. Simu zilifika, kila jioni, akiuliza hali ya ile hewa. Alimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari. Naye dada alimweleza jinsi anavyowapa bakteria jeni ya binadamu, wakatengeneza protini ya binadamu bila kujua ni ya nani, kisha yeye akawapasua, akaichuja na kuikausha. Parseli akasema hao bakteria ni ndugu zake: kazi ya watu wengine, shukrani hakuna. Dada akatoa "mh" puani. Siku hizo, kwake, hicho kilikuwa kicheko.

Mama mdogo alikuwa akimsihi alie, yatoke. Hayakutoka. Msibani wenzake waligaragara, yeye akapanga viti. Alijiona kama mdomo uliotoka kwa daktari wa meno: upo, unajua upo, lakini ukiung'ata husikii kitu.

Ijumaa moja Parseli alikuja maabara, suruali mpya, marashi yakimtangulia mlangoni. Dada alikuwa ametoka kuchukua barafu. Mezani palikuwa na kichupa cha protini yake mwenyewe, ametoka kuitia maji, ikae iyeyuke taratibu. Parseli, ambaye elimu yake ya vichupa ilitokana na dawa ya kikohozi, alikichukua akakitikisa kwa moyo wote.

Dada aliporudi, alikuta povu mpaka kwenye kifuniko.

"Nimekusaidia kutikisa," Parseli akasema, amejaa furaha.

Protini ikipigwa povu hivyo, imekwisha. Dada alikitazama kichupa, akakitupa kwenye pipa la taka za maabara.

"Imeharibika. Haina neno."

Parseli akauliza kazi hiyo ilichukua muda gani. Akajibiwa mwezi na ushee, haina neno. Akasimama ametega masikio, anasubiri kugombezwa. Dada akawa anafuta meza.

"Nigombeze basi."

"Ya nini?"

"Nilikuja kukuomba nikuoe," Parseli akasema polepole. "Lakini kama hata hasira huna na mimi, mapenzi utayatoa wapi?" Akafunga mlango kwa upole. Afadhali angeubamiza.

Simu zikakatika. Dada akaanza upya na bakteria wake, mpaka ikafika siku ya kuutia maji unga mpya. Akaketi, mikono mapajani, asije akagusa. Saa ya Parseli kupiga ikafika, ikapita. Ndipo kitu kikaanza kumchonyota kifuani, kama mdomo ule ganzi inapoanza kutoka, na maumivu yake yakifuata nyuma. Akapiga yeye.

"Daktari?"

"Nani alikutuma utikise?"

Upande wa pili, Parseli akakohoa.

"Nakuuliza wewe. Ile ni dawa ya kikohozi? Nimewalea wale bakteria hata Jumapili, kwa mama mdogo sikwenda, halafu unaingia na marashi yako unatikisa. Na mama yangu amekufa, mimi nikapanga viti."

Akalia. Kwanza alisogeza kichupa pembeni, machozi yasiingie. Kazi ni kazi. Kisha akalia kweli, kwa kwikwi, kamasi na vyote, na Parseli hakukata simu wala hakumbembeleza.

"Umemaliza?" akauliza mwishowe, sauti yake nayo imelowa.

"Bado."

"Basi nakuja, unimalizie uso kwa uso."

"Njoo. Ila usiguse kitu humu ndani."

"Hata mkono wako?"

Dada akatazama kichupa. Maji yametulia, maangavu, unga wote umeyeyuka.

"Mkono gusa," akasema. "Taratibu."