Mdogo Wake Alikuja Kumpa Uboho

"Unahamia wapi na hilo godoro?" Siwema aliuliza.

Anuari hakugeuka. Alilivuta mpaka sebuleni, akalitandika mbele ya televisheni.

"Mke wangu, hao bakteria wako sugu wakinipata na mimi, dukani atauza nani? Ni kwa muda tu."

Siwema alibaki kitandani na kilemba chake, maana nywele zilishaondoka na dawa za saratani ya damu. Saratani ilikuwa imetulia, na sasa alisubiri kupandikizwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Lakini kipimo cha choo kilionyesha kuwa tumboni mwake wamo bakteria ambao dawa nyingi haziwawezi. Hawakumuumiza, walikaa tu kama wapangaji wakimya. Daktari Leticia alimweleza kwamba hatari itakuja kinga yake ikishashushwa kwa dawa kali: wakipenya kwenye damu, dawa za kuwazuia ni chache. Ndiyo maana angelazwa chumba cha peke yake.

Mtaani Msimbazi habari ilifika ikiwa imeongezwa chumvi. Majirani wakaacha kumpa mkono. Maimuna, mdogo wake aliyetoka Lindi kuja kumpa uboho, akamtengea kikombe na sahani. Na Anuari, muuza vipuri vya pikipiki Kariakoo, ndiye huyo aliyehama kitanda.

Uboho wa Maimuna ulilingana kabisa na wa dada yake, kwa hiyo nyumba nzima ilimdekeza. Anuari alimwita "mke mdogo" mbele za watu, utani wa kawaida wa shemeji, na watu walicheka. Siwema naye alicheka. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini nani hukung'uta nguo aliyovishwa na ndugu yake?

Alipolazwa, Anuari hakutia mguu hospitali. Ilikuja meseji tu: "Mke wangu, madaktari wamenikataza kuingia kwa ajili ya hao bakteria. Nakupenda. Maimuna ananipa habari zako."

Siwema aliisoma akalia. Alimwonea huruma mumewe kwa kukatazwa.

Asubuhi moja Daktari Leticia aliingia, akavuta kiti.

"Siwema, Maimuna hawezi kutoa uboho kwa sasa."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Sababu ni yake, nimemwomba akwambie mwenyewe. Yuko hapo nje."

"Basi daktari, mruhusuni na mume wangu aingie, leo tu."

Daktari alimtazama kwa mshangao.

"Kwani nani kamkataza? Aliniuliza mwenyewe. Nikamwambia anawe mikono, avae gauni la kujikinga na glavu, aingie akae na wewe. Hata nyumbani nilimwambia hakuna haja ya kutengana kitanda, kikubwa ni usafi wa mikono."

Kumbe Anuari alijua tangu mwanzo.

Maimuna aliingia akiwa amevaa gauni la hospitali, akasimama karibu na mlango.

"Dada, nina mimba."

Siwema hakuuliza ya nani. Alimtazama mpaka yule binti akainamisha kichwa.

"Mlikuwa mnalala wote pale sebuleni, na mimi niko chumbani?"

"Nisamehe, dada."

"Na mimi nilikuwa najizuia kukohoa, nisiwaamshe."

Akamwomba atoke. Ugonjwa wote ule, sindano zote zile, hakuna kilichowahi kumuuma namna hiyo. Alilia mpaka mto ukalowa, na akamchukia Anuari kwa moyo wake wote.

Kaka yao Bakili, fundi cherehani wa Buguruni, ndiye aliyeziba pengo. Uboho wake ulilingana nusu tu. Daktari alieleza kwamba hatari inaongezeka, ila kusubiri Maimuna ajifungue kungeipa saratani nafasi ya kurudi. Bakili akasema wachukue wanachotaka, hata mfupa mzima.

Siku moja kabla ya dawa kali kuanza, Anuari akatokea, gauni limemkaa vibaya na glavu mikononi. Bakili alikuwa amekaa pembeni.

"Shetani alinipitia, Siwema. Mke wangu ni wewe."

"Shetani hahamishi godoro, Anuari."

"Pona kwanza, tutayazungumza."

"Nipe talaka yangu sasa hivi, kaka akisikia."

"Nimwache mtu na hali hii? Watu watasemaje?"

"Hilo ndilo unaloliogopa. Nikifa utakaa kwenye mkeka, watu wakupe mkono, wakupe pole ya kufiwa na mke. Sitaki. Pole zangu atapokea kaka yangu."

Anuari alimgeukia Bakili kutafuta msaada. Bakili akatazama dirishani. Mwishowe Anuari akaitamka talaka kwa sauti ya chini, Siwema akamwambia hakusikia vizuri, ikabidi aitamke tena.

Jioni ikaingia meseji ya Maimuna: "Dada, mtoto akiwa wa kike nitampa jina lako, usisahaulike."

Siwema alijibu taratibu: "Uzae salama, mtoto hana kosa. Ila jina langu bado nalitumia."

Akazima simu, akamwambia daktari yuko tayari.