Nje ya Nyekundu

Wingu lilikuwa limefunika jua dakika tano nzima, na kipimajoto cha tatu kilikuwa bado kinapanda.

Mwalimu wa fizikia, ambaye kwa ukali wake wanafunzi walimbandika jina la Volti, alikuwa amepitisha mwanga wa dirishani kwenye kioo cha pembe tatu, rangi zikatandazika mezani. Kipimajoto kimoja alikiweka kwenye buluu, kingine kwenye nyekundu, na cha tatu nje ya nyekundu, pasipoonekana kitu, darasa lione kwamba miale ya infraredi haionekani ila ina joto. Sasa rangi zilikuwa zimefutika na viwili vimeshuka. Cha tatu kilifika thelathini na saba, kikatulia.

"Mwalimu," kiranja alinong'ona, "hilo si joto la mtu?"

"Kimeharibika."

Darasa likacheka, isipokuwa Volti. Pale mezani alikuwa amesikia harufu ya mafuta ya nywele ya marehemu mkewe.

Akakitia kipimajoto kile mfukoni, akaenda nacho nyumbani. Miaka miwili alikuwa akipika chakula cha mtu mmoja na kubishana na redio, na upweke ulimuuma hasa. Jioni ile alikiweka kwenye kiti cha mkewe. Thelathini na saba. Akapakua sahani mbili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikula akashiba.

Mwezi haukuisha, dada yake mkubwa, aliyezoea kuwasomea watu wenye majini, akaja kumjulia hali. Alimshika mkono, akauachia upesi.

"Mdogo wangu, mbona wa baridi hivi?"

"Hali ya hewa tu, dada."

Dada alikitazama kile kiti, akashusha sauti. "Huyo si wifi yangu. Wifi tulimzika mimi na wewe. Huyo ni jini, kakuta nafasi tupu, na joto alilokaa nalo ni lako. Mimi nitasoma, lakini uliyemkaribisha ni wewe, kwa hiyo wewe ndiye utakayemwambia atoke. Ukichelewa, atakumaliza."

Akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma kiti kikatoa mlio wa polepole kama pale mtu anapoinuka, sahani zikagongana kabatini, harufu ya mafuta ikageuka kuwa ya nywele zinazoungua, na pumzi ya moto ikamfikia Volti shavuni, palepale mkewe alipozoea kumgusa akimuaga, ikangoja hapo, hata dada akampa ishara kwamba sasa aseme.

Volti alifikiria kesho, sahani moja na redio.

"Kaa," alisema.

Dada akaacha kusoma. Alilia kidogo, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Volti akakitoa kipimajoto kitini, akakitia kwapani, akasubiri dakika tatu kama alivyofundisha. Kilishuka hadi ishirini na mbili, sawasawa na chumba. Akakirudisha kitini, kikapanda. Kisha akasogeza kiti chake karibu, maana alikuwa anasikia baridi.