Kiapo cha Walubengo

Asubuhi hiyo ya mwaka 1998 studio ya picha pale Makina, Kibera, ilikuwa imefurika wanafunzi wa darasa la nane, kila mmoja akichana nywele mbele ya kioo kimoja. Kijana mrefu akapenya katikati yao, tai imepinda, akakaa kwenye kiti. Trizah Amondi, mpiga picha, blauzi ya manjano iliyokunjwa mikono, akamwinua kidevu kwa vidole viwili.

"Usinune. Hii si picha ya polisi."

"Nimezoea. Nasomea sheria."

"Basi fikiria kitu kitamu."

Akamtazama yeye Trizah. "Nimefikiria."

Jina lake Walubengo, mzaliwa wa Lindi, hapo hapo Kibera. Alitaka picha za kupeleka Arusha, kwa ile mahakama ya kimataifa iliyokuwa ikiwahukumu watuhumiwa wa mauaji ya Rwanda. Walikuwa wamempokea kwa mafunzo ya miezi mitatu. Kesho yake alizijia picha. Keshokutwa alikuja tena, wala hakuwa na picha ya kuchukua.

Kutoka Arusha alipiga simu kila Jumamosi, dukani kwa mama Caren, jirani wa studio.

"Triz wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe wamekuhukumu nini huko?"

"Kifungo cha maisha, kwako."

Trizah alicheka hadi wateja wakageuka.

Mwezi wa pili wa mafunzo Walubengo alirudi Nairobi kwa wiki tatu na wakili aliyemsimamia. Trizah alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe akaenda kumwona mtaani Ayany, kwa dada yake alikofikia. Alimkuta amekonda, mlango ukibishwa anashtuka. Trizah alipoinua koti lake alipige pasi, bahasha ikaanguka. Ndani mlikuwa na picha nne za pasipoti za mwanamke mmoja, kijana, kitambaa kichwani, macho mazuri ajabu. Muhuri ulikuwa wa studio ya mtaa wa Kawangware.

"Huyu ni nani?"

Walubengo akampokonya. Hakuwa amewahi kumpokonya kitu.

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi ama hutaki?"

"Nilikula kiapo, Triz. Mambo ya kazi hayatoki."

"Mimi napiga picha Kibera nzima, halafu wewe unampeleka mwanamke wako Kawangware nisimwone!"

"Niamini tu."

"Nikuamini na hata jina umeninyima?"

Akaitia bahasha mfukoni. Hilo lilimuuma Trizah kuliko uongo wowote.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini. Kule Kawangware studio ilikuwa na msichana aitwaye Syombua, anakata picha kwa mkasi. Trizah akasema anamtafuta dada yake, mwenye kitambaa, aliyekuja na kijana mrefu.

"Yule wa lafudhi ya Kifaransa?" Syombua hakuinua hata kichwa. "Yuko plot ya Wakarima, nyuma ya posho mill, pale wanaposaga unga. Mlango wa mwisho."

Njiani Trizah alipika matusi yakaiva. Kwenye plot, safu ya vyumba vya kupanga, alipita wanawake waliokuwa wakifua uani, akaugonga mlango kwa ngumi.

"Fungua! Najua uko ndani!"

Sufuria ikaanguka. Kisha ikasikika sauti ya kusali, ya chini na ya haraka, kwa lugha asiyoijua. Pembeni mwa pazia la dirisha Trizah akaona. Mwanamke alikuwa amejibana kati ya kitanda na ukuta, kitambaa kimedondoka, kovu limeshuka toka sikioni hadi shingoni. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya kichwa, kama mtu anayengoja panga.

Ngumi ya Trizah ikabaki hewani. Rwanda. Arusha. Kiapo. Mungu wangu, huyu ni shahidi.

Nyuma yake, kufua kulikuwa kumekoma. Wakarima mwenye plot akaja, povu mikononi.

"Kuna nini? Huyo amekuchukulia bwana?"

Wanawake wakasogea. Mwanamume mmoja langoni akashusha gazeti, akatega sikio. Neno moja tu, na kufikia jioni mtaa mzima ungekuwa unamjadili mgeni wa mlango wa mwisho.

"Aa, mama, hapana," Trizah akacheka. "Natafuta fundi wa nguo, Nafuna. Amenizungusha na kitambaa changu tangu Pasaka."

"Hapa hakuna Nafuna."

"Basi nimekosea plot. Nisamehe."

Akaondoka. Kwenye kibanda cha simu alikosea nambari mara mbili.

"Walu, nimetoka Kawangware."

"Umefanya nini?"

"Nilimpata kwa dakika kumi. Msichana wa studio ndiye alinielekeza. Kama mimi nimempata, mwingine atampata. Mhamisheni leo."

"Kuna mtu amejua?"

"Wamejua mimi ni mwendawazimu, basi. Nisamehe."

Alimsikia akivuta pumzi. "Itabidi nimwambie bosi. Yote. Zile picha niliziacha kwa koti."

"Si watakufukuza?"

"Watanifukuza."

"Sema niliziiba!"

"Triz, siwezi kufanya kazi ya kuomba watu waseme ukweli halafu mimi nidanganye."

Saa kumi mwanamke yule alikuwa amehamishwa. Jumatano Walubengo akapewa barua ya mistari miwili, mafunzo yamekwisha. Akaenda kijijini kwao Kimilili bila kuaga. Siku tisa simu ya mama Caren ililia, na kila mara ilikuwa ya mtu mwingine.

Siku ya kumi, adhuhuri, aliingia studio, shati limekunjamana, ndevu zimeota.

"Sasa, Triz."

"Nimekuharibia maisha."

"Tuliharibu wawili. Nilikukasirikia, nikajikasirikia zaidi. Nitamaliza digrii. Kesi za mipaka ya shamba pia ni sheria."

"Na yeye?"

"Yuko salama."

Maswali yalimjaa Trizah kinywani. Akayameza, moja baada ya jingine. Walubengo alimwona anavyoyameza, uso ukamlegea kwa mara ya kwanza.

"Nije kwenu Ugenya na wazee wangu?"

"Baba atauliza unafanya kazi gani."

"Nitamwambia sina."

"Atauliza mbona huna."

"Utamjibu nini?"

"Kwamba ulisema ukweli wakakufukuza. Yeye ni katekista, atakupenda kabla hujakaa kiti."

"Na wewe?"

Trizah akaipangusa lenzi ya kamera, ingawa ilikuwa safi.

"Mimi bado nimekukasirikia, siku tisa bila hata simu! Lakini waambie wazee waje Jumamosi."