Mkono wa Kushoto

Vibonye vya piano vilikuwa na joto. Mwalimu wa muziki aliondoa vidole, akavirudisha taratibu. Kulia, baridi kama kawaida. Kushoto, kwenye sauti nzito, joto la kitu kilichoguswa sasa hivi. Na tangu mumewe azikwe, nyumba ile haikuwa na mtu mwingine.

Alikuwa ameirudia etyudi, zoezi la piano lililomshinda tangu chuoni. Kipande kifupi, lakini kinatoa jasho: mkono wa kulia unakimbia bila kupumua, kazi ngumu ikiachiwa kidole cha pete na kidole cha mwisho, vile vivivu, nao mkono wa kushoto unaruka kutoka chini kabisa hadi katikati na kurudi, bila nafasi ya kutazama. Kila alipofika ukurasa wa pili, kifundo cha mkono kilikaza na mkono wa kushoto ukakosea.

Akaulaza pajani, akapiga wa kulia peke yake. Ukurasa wa pili, sauti nzito zikaingia.

Alitazama chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado pajani. Alitaka kukimbia, ila vidole vya kulia havikukubali kusimama, na vibonye vya kushoto vilikuwa vikizama vyenyewe, kimoja baada ya kingine, bila kukosea hata kimoja, huku harufu ya nywele zilizoungua ikimjaa puani na pumzi isiyo yake ikimpapasa shingoni kila mstari ulipoanza, mpaka noti ya mwisho ikalia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa ameimaliza.

“Tumeweza,” alijikuta akisema.

Ikawa kila alasiri. Akaacha kupokea wanafunzi. Akaacha kula.

Siku moja dada yake mkubwa alikuja kumjulia hali, akaganda mlangoni.

“Mdogo wangu,” alinong'ona, “unapiga na nani?”

“Peke yangu.”

“Mbona mkono mmoja umeshika kikombe?”

Mganga aliletwa jioni ileile. Alifunga madirisha, akasoma kwa sauti ya chini, jasho likimtiririka. Nyuzi ndani ya piano zikavuma zote kwa pamoja, zikapiga yowe, kisha kimya.

“Pepo limetoka,” alisema akihema. “Ila mama, wimbo ule usiupige tena. Ndio linaoujia.”

Mganga alipoondoka, dada mtu alisitasita. “Nilale hapa leo?”

“Nenda tu, dada. Watoto wanakungoja.”

Mlango ukafungwa. Mwalimu alisimama sebuleni, akasikiliza jokofu likinguruma jikoni, likanyamaza. Majirani walicheka mahali fulani, mbali. Hakuna aliyemwita.

Akaketi kwenye benchi la piano. Akasogea mpaka ukingoni, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaanza kwa mkono wa kulia.

“Karibu,” alisema.

Benchi likabonyea.