Vitumbua vya Hedwiga

Habari zilimfikia Tunu akiwa anaosha mchele wa vitumbua. Kauthar, jirani yake mtaani Sokon One, alisema bila kuulizwa kwamba Mzee Khalfani siku hizi kila asubuhi yuko kwa Hedwiga, muuza vitumbua mwenzake Tunu, anakula na kucheka. Tunu alisema hayamhusu. Lakini maneno yalimganda kama ukoko wa sufuria. Akiswali yapo, akijilaza yapo.

Yalimhusu sana. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, na tangu amzike mume wake, Khalfani ndiye mtu wa kwanza kumwita mpenzi.

Walikutana siku ya kuandikishwa mafunzo ya biashara ndogondogo kwa wazee, ofisi ya kata imejaa watu hadi barazani. Tunu alivaa dera la zambarau na ushungi mweupe. Khalfani, aliyefiwa na mke na anayeuza maziwa mgando kutoka Nduruma, alikuwa na koti la kaki na kofia ya kushonwa kwa mkono. Akamgeukia.

"Mama, foleni hii ni ya wazee. Wewe umemsindikiza nani?"

"Nimekuja kuwatazama nyie mnaojikongoja."

Alicheka mpaka kofia ikataka kuanguka. Darasani wakakaa dawati moja. Kila siku baada ya Alasiri simu ikawa inaita: amekula, mguu unaomsumbua umepoa, kesho atavaa lile dera? Kufika wiki ya nane akamwambia wanawe watakuja kuposa, wakapanga Ijumaa ya wiki ya kumi.

Jumanne ya wiki ya tisa Tunu alikwenda msibani kijijini Kikwe, akakosa somo. Aliona haya kuuliza walifundishwa nini. Wiki hiyo ndiyo Kauthar akaleta yake. Khalfani alipiga simu siku tatu, na Tunu akaiacha iite mpaka ikachoka.

Jumanne iliyofuata alisimama ukumbini mbele ya watu thelathini, akasema humo ndani kuna mzee hakufuata biashara, amefuata wanawake, na asiyeamini akamuulize Hedwiga.

Mwalimu Sinyati, binti aliyekuwa akiwaamkia shikamoo kabla ya kuwagombeza, alitazama chini. Kisha akaeleza zoezi alilolitoa Jumanne iliyopita: kila mtu aende kwa mshindani wa mwenzake wa dawati, anunue, aonje, aandike kwa nini wateja wanakwenda huko.

Khalfani akafungua daftari, akasoma taratibu.

"Mshindani wa Tunu ni Hedwiga. Vitumbua vya Tunu ni vitamu zaidi. Ila Hedwiga anawajulia hali wateja. Tunu akinuna, mteja anaogopa hata kudai chenji."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliliacha daftari mbele ya Tunu, akatoka.

Jioni Tunu alimpigia. Akaomba radhi, akalia, akasema ni maneno ya Kauthar.

"Nimekusamehe, Tunu. Ila Kauthar hakusimama ukumbini."

"Basi Ijumaa?"

"Wanangu wameshasikia. Siwezi kuwatuma wakampose aliyenivua nguo mbele za watu. Ungeniuliza tu, mpenzi. Ningekujibu huku natafuna."

Ijumaa ikapita. Khalfani akahamia darasa la Nduruma.

Mabinti zangu, nanyi wenzangu wenye umri, epukeni haya:

Kupokea habari za mtu wako kutoka kwa jirani.

Kukosa somo halafu kuona haya kuuliza.

Kuacha simu iite kwa kumkomoa mtu.

Kupeleka ukumbini neno la watu wawili.

Kuomba radhi kwenye simu kwa kosa ulilolifanya mbele za watu.