Tsongo Gani?

Wino haukukauka. Hicho ndicho kilichomsumbua Eseri kwanza, asubuhi moja ya mwaka 2013, ofisini Kasese. Majina aliyoyafuta jana kwa wino mweusi bado yalimchafua vidole, na karatasi zilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Lilikuwa faili la upelelezi wa watu wanne waliochomwa moto ndani ya nyumba yao karibu na Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Wanasiasa walikuwa wameligombania mpaka kutukanana makanisani. Hawa walitaka lisomwe redioni lote, wale walitaka lioze kabatini. Mwisho wakapatana kinafiki, kama kawaida yao: lisomwe, ila majina yafutwe, na kila shahidi abakiziwe jina moja tu ili watu wasiseme ni wa kutunga. Kazi akatupiwa Eseri, karani, na hakuna aliyemuuliza kama ana ndugu humo.

Jamani, alikuwa naye. Shahidi wa tatu, aliyewaona wauaji kwa macho yake, alikuwa kaka yake Yonasani Tsongo, na wauaji bado walikuwa wanatembea mitaani. Eseri akafuta Yonasani, akaacha Tsongo. Kwa Wakonzo, kabila lao, jina hilo hupewa mtoto wa kiume wa pili, na Bwera imejaa akina Tsongo. Nani angejua ni yupi? Alijiona mjanja.

Saa sita mchana kabati lenye faili likaita. "Tsongo," taratibu, kama mtu anayeomba maji. Halimah, mfagiaji, alitoka mbio, akarudi na mjomba wake Ashiraf, mganga wa kusomea watu Kurani. Ashiraf alifukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka, kisha akamvuta Eseri mlangoni.

"Hii jini haitoki," akanong'ona. "Iliingia na moto wa ile nyumba. Iko inatafuta mutu moja, na haimujui. Akiitika, itamujua."

Eseri akampigia kaka yake simu, akamsihi avukie Kongo mpaka usomaji wa redioni, jioni hiyo, upite. Yonasani akakataa. Kutoroka siku hiyo, alisema, ni kujitaja mwenyewe; ataketi na wenzake, mdomo kufuli. Basi Eseri akapanda gari kwenda Bwera, akaketi kando yake katika mkahawa uliojaa watu.

Mtangazaji alisoma vizuri mpaka alipofika "shahidi wa tatu, Tsongo", hapo akakohoa na kunyamaza, na harufu ya majivu mabichi ikatoka redioni ikajaa mkahawa, na sauti nyingine ikaanza kuita, Tsongo, Tsongo, na wanaume wote wenye jina hilo wakainamisha vichwa, mmoja akaziba masikio, na Eseri akamshika kaka yake mkono akausikia unapoa, na sauti ikakatika, na iliporudi ilikuwa ya mama yao, waliyemzika mwaka uliopita, ikiita kwa upendo ule ule aliokuwa akiwaitia chakula.

"Tsongo wangu, uko wapi?"

"Niko hapa, mama," Yonasani akasema, akasimama.

Redio ikahamia matangazo ya mazishi ya kila jioni. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, chai zao hazijaisha. Mtu wa meza ya pili hakutoka. Eseri alimjua, jina lake alilifuta kwa mkono wake ukurasa wa nne, kwenye orodha ya wauaji.

"Kumbe ni wewe," mtu yule akamwambia Yonasani kwa upole, akasogeza kiti chake karibu.