Mikono Miwili Kwenye Usukani

Owino wa Kiamunyi hakuamshwa na jogoo. Aliamshwa na simu. Kabla hajanawa uso, simu ilikuwa imelia mara kadhaa, na kila mara alicheka na kusema, "Biashara hiyo!"

Huo ulikuwa mwaka wa 2007. Owino alinunua maziwa kwa wafugaji wa Njoro na kuyapeleka kwenye mahoteli ya Nakuru mjini. Aliyabeba kwa gari la familia, Toyota kuukuu yenye nafasi ya mitungi nyuma.

Wateja wake hawakupenda kupoteza kredit ya simu. Kwa hivyo walimflash. Walipiga, simu ikalia kidogo, wakakata. Flash moja kutoka kwa Chepkemei, mwenye hoteli karibu na soko, ilikuwa na maana ya "leta maziwa." Flash mbili zilimaanisha "leta na mala," yale maziwa yaliyoganda. Flash kutoka nyumbani ilimaanisha "mkate umeisha."

Ilikuwa lugha nzuri na ya bei nafuu. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu. Ili kuielewa, lazima uangalie simu ujue ni nani. Na Owino alikuwa akiangalia simu huku gari likienda mbio. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini Owino hakuwa na wakati wa wahenga.

Siku moja alikuwa akimpeleka mkewe, Naliaka, kliniki. Naliaka alikuwa na mimba ya miezi minane, mtoto wao wa pili baada ya Shantel. Simu ikalia kidogo, ikanyamaza. Owino akaiokota mapajani, akainama kusoma jina.

"Baba Shantel! Punda!"

Owino alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mitungi iligongana, maziwa yakamwagika. Gari lilisimama karibu kabisa na mkokoteni wa punda uliobeba mitungi ya maji. Mzee mwenye punda alikuwa amemvuta mnyama wake kando kwa bahati tu. Alimwangalia Owino dirishani, akaiangalia na simu iliyokuwa bado mkononi.

"Boss," akauliza, "unaendesha gari ama unaendesha simu?"

Naliaka alifungua mlango, akashuka polepole huku ameshika tumbo. Akaanza kutembea.

"Mama Shantel, rudi! Tunachelewa!"

"Sirudi. Huyu hata hajazaliwa na tayari unatafuta kumzika. Sipandi hii gari tena mpaka simu itoke kwa mkono yako."

"Sawa, basi nitaizima nikiendesha."

Naliaka alisimama. Hapo ndipo palikuwa na ugumu. Shantel alizaliwa kwa haraka sana, nusura azaliwe njiani. Na huyu je? Uchungu ukianza asubuhi Owino akiwa Njoro na simu imezimwa, nani angempeleka hospitali?

"Usiizime," akasema. "Lazima nikupate. Lakini isikuwe kwa mkono."

"Sasa nitaishika na nini? Na meno?"

"Hiyo tafuta wewe," alisema Naliaka, akaendelea kutembea.

Owino alitafuta. Jumamosi aliingia katika duka la Darshana, ambaye wateja wengi humwita Mama Reena. Darshana huuza redio za magari na spika, na kazi ya nyaya za gari alifundishwa na baba yake tangu utotoni. Alimtolea Owino kijisanduku kidogo chenye spika, maiki, kishikio cha simu na nyaya tatu.

"Hii ni hands-free," alisema. "Simu ikilia, inashika yenyewe. Wewe unaongea tu, mkono iko kwa usukani. Nikufungie?"

"Hapana, Mama Reena. Nitajifungia. Babu yangu alikuwa fundi wa reli."

"Babu yako alikuwa fundi," alisema Darshana. "Na wewe je?"

Owino alicheka, akalipa, akaondoka na kifaa chake kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya.

Jumapili baada ya kanisa alianza kazi uani. Karatasi ya maelezo aliiweka chini akaikalia. Aliona waya nyekundu ina kijisehemu chenye fyuzi katikati. "Hii ni ya nini? Inanisumbua tu," akasema, akakikata na kukitupa. Akaunga waya moja kwa moja kwenye betri. Waya nyeusi akaifunga kwenye skrubu iliyopakwa rangi. Nyaya zote akazipitisha mlangoni, akafunga mlango kwa kishindo.

Naliaka alikuwa amekaa kwenye ngazi na kikombe cha chai.

"Baba Shantel," akaita, "hiyo hands-free yako inapika nini?"

Moshi! Ulitoka chini ya dashibodi, mweusi na wenye harufu ya mpira. Mlango ulikuwa umebana waya nyekundu na kuichuna, shaba ikagusa bodi ya gari. Owino aliruka, akaing'oa waya kwenye betri, akaungua kidole. Bahati yake moto haukushika. Lakini hakuligusa gari tena siku hiyo, maana petroli ilikuwa hapo hapo ndani ya tangi, na mkewe hatua chache kutoka hapo.

Kuuliza si ujinga. Jumatatu Owino alirudi dukani akiwa ameficha kidole mfukoni. Darshana aliangalia waya iliyoungua.

"Fyuzi iko wapi?"

"Niliikata. Ilikuwa inanisumbua."

Darshana alicheka hadi akashika meza. Kisha akaacha kucheka. "Sikiza, Owino. Fyuzi ni askari wa gari. Moto ya stima ikizidi, fyuzi inakufa yenyewe ili gari isikufe. Wewe umefukuza askari halafu umeshangaa mwizi ameingia."

"Nimekosa, Mama Reena. Nifungie basi."

"Sitagusa. Utafunga wewe, mimi nitasimama hapa. Ikileta shida huko Njoro, nani atatengeneza? Mimi?"

Alimletea waya mpya yenye fyuzi, akatoka naye hadi kwenye gari lililokuwa mbele ya duka.

"Tunaanza wapi?" aliuliza Owino.

"Zima gari, toa funguo. Halafu fungua waya nyeusi ya betri, ile ya negative. Hakuna stima, hakuna moshi."

Owino akafungua. Darshana akamwonyesha waya nyeusi ya kile kifaa. "Hii inataka chuma. Si rangi, chuma. Kwaruza hapo mpaka ing'are."

Owino alikwaruza kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaikaza na nati. Waya nyekundu akaiunga ipate umeme wa betri, na fyuzi akaiweka karibu na mahali umeme unapoanzia, ili waya yote ilindwe. Ikabaki waya ya tatu, ya manjano.

"Hii inataka stima inayokuja tu ukiwasha funguo," alisema Darshana. "Ukikosea, hands-free itakunywa betri usiku kucha, asubuhi mtasukuma gari na Mama Shantel."

"Mama Shantel na hiyo tumbo!"

"Ndio maana tunapima."

Walirudisha waya ya betri kidogo kwa ajili ya kupima. Darshana alimpa taa ndogo ya kupimia. Owino aligusa waya moja baada ya nyingine chini ya dashibodi huku akiwasha na kuzima kwa ufunguo. Mojawapo iliwasha taa ufunguo ulipogeuzwa, na ikaizima ufunguo ulipotolewa. "Hii hapa!" alipiga kelele. "Nimeipata!" Mtu angedhani amepata dhahabu. Wakafungua tena waya ya betri, naye akaunga waya ya manjano, akaizungushia tepu vizuri.

Alitaka kuweka kishikio cha simu katikati ya kioo cha mbele. Darshana alikataa. "Hapo utaona simu, hautaona mtu. Weka chini, kando, mahali haizuii macho. Na isikuwe mbele ya mfuko wa hewa, ile airbag ya kukinga dereva, kama gari iko nayo. Ukigonga kitu, simu itakuja kwa uso."

Maiki waliifunga juu, karibu na kizuia jua cha dereva, mbali na dirisha, ili ichukue sauti na si upepo. Nyaya zote walizipitisha pembeni na kuzikaza, mbali na mlango, mbali na breki na klachi. Mwisho kabisa Owino akarudisha waya ya betri.

"Sasa ingia," alisema Darshana. "Nakupigia kutoka ndani."

Owino aliketi, akawasha kwa ufunguo, akangoja. Simu ikalia. Halafu spika ikasema kwa sauti kubwa na safi:

"Hallo Owino! Unanisikia?"

"Ninakusikia! Mama Reena, ninakusikia!" Owino alirusha mikono juu na kupiga paa la gari. "Sijagusa kitu! Angalia mikono yangu!"

"Mikono iko kwa usukani?"

"Gari imesimama, haiendi!"

"Hata kama. Zoea."

Darshana alitoka nje, akainama dirishani. "Neno moja ya mwisho. Mikono iko free, lakini kichwa ni kile kile kimoja. Ukiongea sana, macho inaona barabara lakini akili imeenda. Maneno ikiwa mingi, toka barabarani, simama, ndio uongee. Na mtu akikupigia, mwambie uko na watu kwa gari. Asiseme siri ya nyumba yake kwa spika."

Jioni ile Owino alimwonyesha Naliaka kila waya. Naliaka aliketi ndani ya gari kwa mara ya kwanza tangu siku ya punda. Alitabasamu, ingawa alijaribu kuficha.

Kelele zilianza kesho yake. Chepkemei alimflash kama kawaida. Kifaa kikashika.

"Hallo, Chepkemei!" aliita Owino kwa furaha.

"We Owino! Nimekuflash, mbona umeshika?"

"Si mimi, ni gari!"

"Gari imekula kredit yangu!"

Siku nzima ilikuwa hivyo. Kila aliyeflash alijikuta amelipa. Mmoja alisema Owino anaringa. Mwingine alisema atatafuta maziwa kwingine. Owino alirudi nyumbani amechoka.

"Kuna swichi ya kuzima hiyo kitu ya kushika yenyewe," alimwambia mkewe. "Niizime, wateja wasinikimbie?"

"Ukizima, utafanya nini mtu akiflash?"

Wote wawili walijua. Angeangalia simu.

"Iwache hivyo," alisema Naliaka. "Waambie wote: mwenye shida apige, aseme haraka, akate. Mwenye anataka kuflash, aflash kabla hujatoka asubuhi. Anayekimbia, akimbie."

Owino alipita hoteli moja moja kueleza. Alieleza habari ya punda pia, bila kujisifu. Chepkemei alinung'unika, kisha akasema, "Sawa. Lakini mala usisahau." Hakuna mteja aliyekimbia. Na Owino aligundua jambo jipya: njia ya Njoro ilikuwa na mashamba mazuri ya ngano, ambayo miaka yote hakuwa ameyaona.

Wiki chache baadaye, asubuhi, alikuwa akitoka Njoro na mitungi imejaa. Mbele yake kulikuwa na lori. Simu ikalia, kifaa kikashika.

"Baba Shantel, uko wapi?"

"Natoka Njoro. Kuna nini?"

"Chupa imepasuka. Mtoto anakuja."

"Anakuja? Sasa? Anakuja!" Mguu wa Owino ulishuka wenyewe kwenye mafuta. Injini ilinguruma.

"Owino!" Naliaka hakuwa na mazoea ya kumwita kwa jina. "Nasikia hiyo injini. Punguza."

"Lakini Mama Shantel—"

"Punguza! Niko sawa, jirani yuko na mimi. Kuja pole pole, lakini kuja. Mtoto anataka baba, hataki picha yake ukutani. Nakata sasa, uendeshe."

Owino alipunguza mwendo. Alitamani kulipita lile lori, akachungulia kwa makini, na pale pale gari lingine likachomoza kutoka kilimani na kupita kwa kasi. Angekuwa ameinamia simu, lisingemwacha hai. Alishika usukani kwa mikono miwili, akangoja njia iwe wazi.

Naliaka alikuwa langoni na mkoba wake. Alipanda gari bila kusita. Kabla hawajafika mjini, simu ikalia.

"Owino!" ilisema sauti ya Chepkemei kwenye spika. "Maziwa iko wapi? Wageni wanangoja chai!"

Naliaka alivuta pumzi, uchungu ukapita kidogo. "Chepkemei, ni mimi. Tunaenda hospitali. Hapa kuna mgeni mwingine anakuja, na yeye pia anataka maziwa."

Spika ilipasuka kwa vigelegele. Naliaka akanyoosha mkono, akaizima simu.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita. Owino alitoka wodini karibu akikimbia, akaingia kwenye gari lililokuwa limeegeshwa chini ya ukuta wa hospitali. Akaiwasha simu, akaiweka sikioni. Alimpigia mama mkwe wake huko Bungoma, ambaye habari ya punda ilikuwa imemfikia siku ile ile na hakuwa ameisamehe.

"Mama, ni Owino—"

"Uko ndani ya gari?"

"Niko ndani ya gari, mama, lakini imesimama."

"Imesimama kabisa?"

"Kabisa, mama. Funguo iko mfukoni."

"Haya basi," alisema mama mkwe. "Sema."

"Ni msichana, mama!" Owino alipiga kelele hadi askari wa lango akageuka. "Ni msichana, na wako wazima wote wawili!"